Chuma Walikuwa Nacho, Vyombo Wakavishona

Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia aliyekuwa akifanya kazi kwa mfalme wa Sicily, alimaliza kitabu chake cha habari za ulimwengu. Huku kwetu hakufika, aliandika aliyosimuliwa. Lakini alichokisema kuhusu Malindi na Mombasa kinafaa kusomwa taratibu: wenyeji walichimba chuma, na chuma hicho kiliwaletea faida kubwa ya biashara. Wachimbaji wa mambo ya kale wamempa haki yake. Galu, kusini mwa Mombasa, na Ungwana, upande wa mlango wa mto Tana, yamekutwa mavi ya chuma yaliyoachwa na wafuaji.

Basi watu hao waliojua kuyeyusha chuma na kukiuza ng'ambo, walipotaka kuunda chombo cha bahari hawakupiga hata msumari mmoja. Walitoboa mbao kandokando, wakazishona kwa kamba ya makumbi kama ukili unavyoshonwa ukawa mkeka, wakakishusha chombo majini na kupakia shehena. Wala hili halikuwa jambo la kizazi kimoja au viwili. Ushahidi tulio nao unaanza karne ya 1 na kufika hadi miaka ya 1930.

Ukimuuliza mtu kwa haraka atakwambia ni kwa sababu walikuwa hawajaendelea. Ndivyo wengi tulivyofundishwa habari za vyombo: kwanza gogo, kisha mtumbwi, kisha merikebu ya matanga, kisha meli ya moshi, kila kimoja kikimfukuza mwenzake kwa kuwa ni bora zaidi. Mpango huo unavutia ubaoni, ila unashindwa kueleza kwa nini mhunzi na mshona vyombo waliishi mji mmoja kwa karne nyingi na asiwepo wa kumcheka mwenzake.

Kushona mbao ni ufundi wa kale, na ni wa watu wengi. Mwaka 1954, kando ya piramidi kubwa ya Giza, ilifukuliwa merikebu ya Farao Khufu yenye umri wa miaka 4,500 hivi na urefu wa zaidi ya mita 43. Mbao zake za mwerezi wa Lebanoni zilikuwa zimefungwa kwa kamba zilizopitishwa kwenye matundu ya upande wa ndani, zisionekane kwa nje. Huko Ferriby, Uingereza, mafundi wa Zama za Shaba walishona mbao za mwaloni kwa fito zilizosokotwa. Karibu zaidi na sisi, Waganda wa Ziwa Victoria walikuwa na mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa, na Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875 aliikuta mingi kiasi cha kuwa jeshi la majini.

Watu wasiojuana walifikia wazo lile lile kwa sababu wengi wao walianza na mtumbwi, na mtumbwi una mpaka wake. Ule wa Dufuna, uliogunduliwa kaskazini mashariki mwa Nigeria mwaka 1987, una miaka 8,000 hivi na urefu wa zaidi ya mita 8. Urefu si tatizo, miti mirefu ipo. Upana na kina ndivyo visivyopatikana, kwa sababu chombo hakiwezi kuwa kipana kuliko gogo lililokizaa. Ukitaka kubeba zaidi, au kuzuia wimbi lisiingie, utaongeza ubao juu ya ukingo. Hapo ndipo habari inapokuwa ngumu: ubao huo utaushikisha kwa kitu gani?

Wapo waliolikwepa swali hilo kabisa. Badala ya kuinua kingo za mtumbwi, waliutandazia miguu: miti miwili ikalazwa kukatiza chombo, na kwenye ncha zake zikafungwa mbao zinazogusa maji kila upande. Hiyo ndiyo ngalawa. Gogo lake jembamba lingepinduka mara moja chini ya tanga, lakini kwa miguu hiyo linakwenda na upepo wa nguvu na mvuvi amekaa ametulia. Wazo hilo asili yake ni visiwa vya Kusini Mashariki mwa Asia, kwa jamii ambazo baadhi ya watu wake walivuka Bahari ya Hindi na kukaa Madagaska. Lugha ya Kimalagasi mpaka leo ina ndugu wa karibu Borneo. Gogo lenyewe siku hizi mara nyingi ni la mwembe, mti ambao nao uliletwa kutoka Asia. Ngalawa ambayo kila mtoto wa pwani anaichora kama kitu cha kwao tangu jadi ina wazazi wa kutoka mbali pande zote mbili.

Turudi kwenye uzi. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bandari za bahari hii, ule unaoitwa Periplus. Anakitaja kisiwa cha Menouthias, ambako wenyeji walikuwa na mitumbwi ya gogo na vyombo vidogo vya kushonwa, wakivitumia kuvua samaki na kukamata kasa. Kisha anaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, ambayo kwa maelezo yake mwenyewe ilipata jina kutokana na vyombo hivyo vya kushonwa. Mgeni aliyezoea merikebu za Bahari ya Kati alishangazwa na mshono kiasi cha kuusikia ndani ya jina la mji, maana kwa Kigiriki neno hilo hutoka kwenye kushona.

Mrithi wa mwisho wa ufundi huo ni mtepe, chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu. Tunazo picha zake, vielelezo vidogo vya makumbusho, na maelezo ya waliouona. Omo yake, yaani ncha ya mbele, ilichomoza kama shingo, ikapakwa macho mawili na kuvalishwa mapambo. Tanga lake lilikuwa la mraba, tena la mkeka uliosukwa, si la nguo. Kazi yake kubwa katika miaka ya mwisho ilikuwa kuchukua boriti za mikoko.

Kazi ya kuuunda ilianzia mahali ambapo fundi wa leo haanzii. Mafundi wa misumari mara nyingi huweka mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, kisha baadhi ya mataruma, yaani mbavu za kutoa umbo, kisha mbao hupigiliwa juu yake. Fundi wa kushona alianza na ganda. Ubao wa kwanza ulisimamishwa pembeni mwa mkuku na kuchongwa kwa tezo mpaka ukingo wake ulale juu ya mwenzake bila kuacha mwanya, maana mshono haufichi ukingo mbovu. Kisha kekee ilitoboa matundu yaliyopangika kwenye kingo zote mbili. Watu wawili walishika kazi, mmoja ndani na mmoja nje, wakipitishiana kamba. Juu ya maungio, chini ya mishono, ulilazwa msokoto wa usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ili kamba ikivutwa iubane na kuziba njia ya maji. Kamba ilikazwa kwa mti, si kwa mkono mtupu, na kabla haijalegea tundu lilizibwa kwa kigingi. Mataruma yaliingizwa baadaye, ganda likiwa limeshapata umbo, nayo yakafungwa kwa kamba vilevile. Umbo la chombo chote lilikuwa machoni mwa fundi, bila mchoro.

Kamba yenyewe ilikuwa kazi ya miezi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa ufuoni ambao maji yanaupitia kila siku, yakaozeshwa mpaka nyama ilegee, yakafukuliwa na kupondwa kwa mti, ndipo usumba unaposokotwa. Wanawake wa Jambiani na Paje, Unguja, wameiendeleza kazi hiyo mpaka zama zetu. Ajabu ya usumba ni kwamba maji ya chumvi, yanayoozesha nyuzi nyingine, wenyewe unayavumilia.

Sasa, kwa nini? Jibu lililotembea sana duniani ni la sumaku. Mabaharia wa kale walisimulia kwamba chini ya bahari hii kuna majabali ya sumaku, na chombo chenye misumari kikipita juu yake misumari huchomolewa na chombo kikasambaratika. Ni hadithi tamu, na ilikanushwa mapema: katika karne ya 6 mwanahistoria Procopius alieleza kwamba merikebu za Warumi zilizoundwa kwa chuma kingi zilipita Bahari ya Shamu bila kudhurika. Al-Masudi, aliyesafiri mwenyewe kwenye pwani hii na kuiacha mara ya mwisho mwaka 916, alitoa sababu nyingine: maji ya bahari hii hula chuma, misumari ikadhoofika. Hapo kuna ukweli kidogo. Kutu ipo, na kwenye maji ya joto yenye chumvi haichelewi. Lakini chumvi ya Bahari ya Kati haikuwa ndogo, na huko walipiga misumari.

Anayenishawishi mimi ni Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Anaeleza kwamba vyombo vya bahari hii hushonwa kwa sababu ina majabali mengi. Kilichopigiliwa misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa hunepa na kusalimika. Mtu aliyekaa pwani ataelewa hili bila kuchorewa. Ufuo wetu umezungukwa na matumbawe, na maji ya bamvua hupanda na kushuka hadi karibu mita 4. Bandari nyingi za zamani hazikuwa na gati. Chombo kiliingia na maji yakijaa, kikaachwa juu ya mchanga maji yakitoka, kikalala ubavu na mzigo wake, kisha kikaelea tena. Mara mbili kwa siku mbao zinabanwa huku na kuachiwa kule. Msumari hauna pa kwenda. Utapanua tundu lake mpaka ucheze. Kamba inavutika, inarudi.

Nyuma ya hayo yote kuna hesabu ya pesa, ambayo waandishi wa kale hawakuijali sana. Chuma kilikuwa mali ya kuuza ng'ambo, na chombo kimoja kinakula maelfu ya misumari. Nazi zilikuwa uani. Ubao ukioza, mshono hukatwa, ubao ukatolewa na mwingine kuwekwa, na mbao nzima za chombo kilichokufa zikahamia kwenye chombo kipya bila majeraha ya kung'olewa misumari. Aliyeuza chuma akashona chombo chake alikuwa anajua anachofanya.

Mshono nao ulikuwa na gharama yake. Marco Polo, alipoviona vyombo vya aina hiyo Hormuz mwishoni mwa karne ya 13, aliviita vibovu na kusema vingi hupotea baharini. Mtu wa Venice alikuwa na upendeleo wake, ila hakuwa mwongo. Chombo cha kushonwa kilivuja. Ngama yake, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, haikukauka, na kufua maji ilikuwa kazi ya safari nzima. Kila mwaka kilipandishwa pwani, mishono iliyochoka ikashonwa upya, tumbo likapakwa deheni ya chokaa na mafuta, mbao za juu zikapakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo harufu yake hutangulia chombo kufika.

Hata hivyo vilikwenda mbali. Mwaka 1998 wavuvi walikuta kando ya kisiwa cha Belitung, Indonesia, mabaki ya chombo cha kushonwa cha karne ya 9 kilichozama na takriban vyombo 60,000 vya kauri za China. Namna ya kuundwa kwake ni ya Bahari ya Hindi ya magharibi, na uchunguzi wa mbao ulionyesha miti ya Afrika ndani yake. Oman ikaamua kujaribu. Kati ya 2008 na 2009, huko Qantab karibu na Muscat, mafundi walishona chombo cha mita 18 kwa kufuata mabaki hayo, wakakiita Jewel of Muscat. Februari 2010 kiling'oa nanga, na Julai kikaingia Singapore, bila msumari.

Kuna jambo jingine lililofanya chombo kinachovuja kifae: upepo wenyewe ulikuwa na ratiba. Kuanzia karibu Novemba hadi Machi kaskazi huvuma kutoka Asia kuja huku. Kuanzia Aprili kusi hugeuza njia na kusukuma kuelekea India na Uarabuni. Katikati ni tanga mbili, upepo usio na msimamo. Tanga la mraba la mkeka ni bora sana upepo ukitoka nyuma na halifai kitu ukitoka mbele, lakini mtu anayesubiri msimu hana haja ya kupigana na upepo wa mbele.

Asiyesubiri alilipa. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa hapo, kusi ikianza, na tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut. Kurudi hakutaka kungoja kaskazi ikomae. Aliiacha pwani ya India mapema Oktoba, akayumba baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wake wakafa kwa kiseyeye, akaiona Malindi tena Januari 1499. Merikebu zake zilikuwa na misumari mizuri tu. Walibaki mabaharia wachache kiasi kwamba merikebu yake moja, São Rafael, ilichomwa moto kusini mwa Mombasa kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Jahazi lina tanga jingine, lile la karibu pembetatu linaloning'inia kwenye foromali, mti mrefu unaobeba tanga. Hilo linaweza kuukabili upepo wa ubavuni na hata kupiga bisho, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kupindapinda. Kazi yake ni pale chombo kikubwa kinapogeuka: demani, kamba inayoshika tanga, inaachiwa, tanga linaruka mbele kwa kishindo, foromali inasimamishwa karibu sambamba na mlingoti, watu wanaivusha upande wa pili kwa kuipitisha mbele ya mlingoti, na demani inazungushwa ikafungwe kule. Kila mmoja ana kamba yake na anasikiliza sauti ya nahodha. Foromali ikiponyoka, kuna mtu ataumia.

Misumari iliingia polepole baada ya Wareno, kupitia mafundi wa India na Uarabuni pia. Pamoja nayo ilikuja shetri bapa, yaani sehemu ya nyuma isiyochongoka, ile inayotambulisha jahazi na mashua, ilhali mtepe na vyombo vya kale vilichongoka mbele na nyuma. Kalafati ikachukua nafasi ya msokoto wa usumba: pamba iliyolowekwa mafuta, ikapigwa kwa patasi butu kwenye kila mwanya. Lakini hakuna siku mtepe uliposhindwa vita. Viliendelea pamoja kwa miaka zaidi ya 400. Kilichoubadilisha mchezo, kwa maoni yangu, ni msumari wa kiwandani: uliposhuka bei kwa sababu ya viwanda vya Ulaya, hesabu ile ya nazi na chuma ikageuka. Kushona kulidai watu wengi na siku nyingi. Msumari ulidai nyundo. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imekwisha baharini. Mapema katika miaka ya 2000 mmoja uliundwa upya Unguja, ukaitwa Shungwaya na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa makumbusho.

Meli za moshi hazikuua jahazi kwa haraka kama inavyodhaniwa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza kuunganisha Aden na Zanzibar bila kujali kusi wala kaskazi. Lakini meli kubwa haiingii kwenye kijito cha mikoko. Mwaka 1938 baharia Mwaustralia Alan Villiers alipanda bumu, chombo kikubwa cha matanga, la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali al-Najdi, akashuka nalo hadi Unguja na kwenye delta ya Rufiji kupakia boriti za kuezekea nyumba za Ghuba. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba huko kama zilivyoamua Lamu: chini ya mita 3, kwa kuwa mti hauendi zaidi. Pigo la biashara hiyo lilitoka kwenye mafuta. Ghuba ilipopata pesa za petroli ilinunua saruji na nondo, na vijana wake wakaacha ubaharia.

Leo ukisimama Lamu utaona jahazi bado likibeba mchanga na mawe ya kujengea, lakini abiria wanapanda boti za faiba zenye injini ya kupachika nyuma. Faiba hailiwi na mchwa wa bahari, haihitaji kalafati, na haihitaji fundi aliyetumia miaka kumi kujifunza kuchagua tawi lililopinda sawasawa na taruma analolitaka. Inahitaji kalibu. Mbao nzito za mbambakofi na mtondoo zimekuwa ghali na adimu, kwa hiyo anayenunua faiba simlaumu. Ila chombo cha mbao kikifa huwa kuni au hugeuzwa viti na vitanda, na faiba iliyopasuka hubaki ufuoni ilipotupwa.

Huko huko Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walijaribu njia ya tatu. Waliyeyusha tani 10 za taka za plastiki wakatoa mkuku, mataruma na mbao, wakaunda dau la mita 9 na kulivika vipande vya kandambili 30,000 zilizookotwa. Flipflopi, kama lilivyoitwa, liliingia majini mwaka 2018. Shida yao ilikuwa ile ile ya kale kwa sura mpya: plastiki hutanuka kwa joto kuliko mbao na ni laini zaidi, kwa hiyo vipimo vya mti havikufaa na ilibidi kila kiungo kifikiriwe upya. Mapema 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Unguja, safari ya kilomita 500 hivi kwa upepo wa kaskazi, na mwaka 2021 likapelekwa kuzunguka Ziwa Victoria.